Miezi minane Dar, na bado jiji linanichosha: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 26, kwetu ni Tukuyu. Kazi ya uhasibu ndiyo iliyonileta Dar, na sasa ni mwezi wa nane. Nimepanga chumba Tabata Segerea, ofisi iko Posta. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi usiku nimechoka hata kupika siwezi. Wenzangu kazini wanasema raha ya Dar ni hela yako, na kila mwisho wa mwezi wanakwenda Masaki kula bata. Mimi nikishalipa kodi na kutuma ya nyumbani, sibakiwi na ya kufuatana nao. Kwetu kuna kijani, kuna ubaridi, kuna watu wanaonijua. Hapa nimekuta joto, foleni na kelele. Wewe umefanya kazi ya mipango miji humu kwa miaka mingi. Niambie kweli: kuna kitu cha kufurahia hapa kwa mtu wa kipato changu, au nihesabu siku tu mpaka nihamishwe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Pole na safari za kila siku. Barua yako nimeisoma mara mbili. Joto, foleni na kelele umezitaja kwa uchovu, lakini kuna maneno mawili umeyaandika kwa uchungu: "watu wanaonijua". Hayo ndiyo nitakayoyajibu, mengine tutayaokota njiani.

Na mimi ni mtu wa milimani. Nilishuka kutoka Lushoto mwaka 1987, nikapanga chumba Ilala katika nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Miezi ya mwanzo kila Ijumaa jioni nilikuwa nawaza basi la Tanga. Kazini tulikuwa na mipango mikuu ya jiji, ule wa mwaka 1949, wa 1968 na wa 1979, makaratasi makubwa ya kutandaza mezani, na nikiyainamia nilijiona naijua Dar yote. Nikitoka nje ya geti, simjui hata mtu mmoja wa kumwambia habari za jioni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna anayeishi katika Dar yote. Kila mtu ana Dar yake ndogo: njia moja, vituo vichache, watu ishirini au thelathini. Wenzako wanaokwenda Masaki nao wana yao. Wewe yako hujaipata bado, na miezi minane si mingi.

Usidhani pia uko mgeni peke yako. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu mkoa huu watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, wengine wamezaliwa hapa na wengine wameshuka na mabegi kama wewe. Yule uliyebanana naye asubuhi, akikuangalia kama mwenyeji mwenye mji wake, huenda naye bado anauliza kituo.

Tuanze na safari yako, maana ndiyo inayokula siku. Kesho ukikosa siti, mwangalie aliyekaa mbele yako. Mkoba ukianza kukuelemea atanyoosha mikono: "lete nikushikie." Ataupakata mapajani mpaka Buguruni, na jina lako hakuliuliza. Mwanafunzi akiingia na begi kubwa kuliko mgongo wake, begi linapokelewa, na mwenyewe anavutwa asimame kati ya magoti ya mama asiyemjua ili asikanyagwe. Nauli ya mtu wa siti ya nyuma inapita mikono minne kumfikia konda, na chenji inarudi kwa mikono ileile minne, kamili. Nimepanda mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yale Ikarus marefu tuliyoyaita kumbakumba, nimepanda daladala za kila umbo, na sasa napanda mwendokasi nikienda kliniki. Mengi yamebadilika, lakini mikono ile inayopitisha chenji bado ipo. Watu watakuambia Dar kila mtu na lwake. Mimi nimeona shilingi elfu kumi ikipita kwa watu sita wasiojuana, ikarudi na chenji yake yote.

Halafu mtegee sikio konda. "Malapa yupo?" Na sauti kutoka nyuma: "Malapa yupo!" Kwa dakika ile abiria hana jina jingine, yeye ndiye Malapa. Majina haya ya vituo ni kitu ninachokipenda kuliko vyote katika jiji hili, na nitakaa hapa kidogo, univumilie. Kazini tulikuwa tunaandika majina ya barabara katika ramani, yanapitishwa na vikao, yanawekewa vibao. Watu wanaendelea na yao. Na yao ndiyo yenye kumbukumbu.

Yaseme polepole: Kinondoni Mkwajuni, Magomeni Mwembechai, Temeke Mwembe Yanga, Mikocheni, Mchikichini, Mbuyuni, Mnazi Mmoja. Mkwaju, miembe, mikoche, mchikichi, mbuyu, mnazi. Huo ni msitu mzima unaosomwa na konda kila siku. Miti mingi ya jiji hili tumeikata, mingine kwa saini zetu sisi wa mipango na inaniuma, lakini majina hakuna aliyeweza kuyakata. Kisha kuna vituo vilivyoitwa kwa watu: Tandale kwa Mtogole, Mbezi kwa Msuguri, Mwananyamala kwa Kopa, kwa Aziz Ali. Mtu aliishi pale, watu wakawa wanaelekezana kwake, na sasa wanashuka kwake maelfu wasiowahi kumwona. Na kuna vya vitu: Magomeni Mapipa, Buguruni Sheli, Ubungo Maziwa kulikokuwa na kiwanda cha maziwa, Mbagala Rangi Tatu.

Na huko kwako kuna Tabata Dampo. Mtu akisikia jina hilo anakunja uso, lakini wewe ukilisikia inua kichwa. Taka za jiji zilikuwa zinamwagwa Tabata, moshi na uvundo vinaingia majumbani usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi waliipeleka halmashauri ya jiji Mahakama Kuu, na mahakama ikawapa haki yao. Walikuwa watu wa kawaida, wapangaji na wenye nyumba, wengi wao nao waliwahi kuwa wageni kama wewe. Kesi ile inatajwa mpaka leo na wanasheria wa mazingira. Hewa unayovuta ukifungua dirisha asubuhi kuna watu waliiendea kortini.

Ukifika Mnazi Mmoja, geuza shingo uangalie uwanja. Kwa macho ya kazi yangu ule haukuwa uwanja wa kupumzikia. Wakoloni waliugawa mji vipande vitatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na pale pakaachwa wazi makusudi ili kuitenga Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Kariakoo yenyewe ni jina la kambi: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ndipo jeshi la Waingereza lilipoweka kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na watu wakalitamka kwa ulimi wao. Leo daladala yako inauvuka ule mpaka kwa dakika moja, konda anagonga bati, watu wanashuka na mizigo yao. Mimi nikipita hapo moyo huwa unanitulia, hata kukiwa na foleni.

Sasa kelele. Hapa nitakubishia, kwa sababu kelele nyingi za Dar zina maana kama maandishi. Ukishajua kuzisoma hazikuchoshi tena. Jumamosi moja usitoke. Fungua dirisha, lala, sikiliza. Kwanza utasikia ufagio wa chelewa uani, na kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu ni wageni pia: waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakavuka, wakakaa. Jua likipanda kidogo, wachuuzi wanaanza kupita, na hakuna anayetaja anachouza. Vichupa vikigongana vidogovidogo, ni kijana wa kupaka rangi kucha. Mkasi ukifunguka na kufungwa hewani bila kukata kitu, ni fundi anayetembea na cherehani begani, kimbia na gauni lako lililofumuka. Kijiti kikigonga sanduku la mbao, fundi viatu. Sarafu zikichezeshwa kiganjani kwa mpigo wake, muuza karanga na pipi. Wimbo uleule mmoja unaozunguka mtaa mzima mchana wa jua kali, aiskrimu, na utawasikia watoto wa nyumba ya pili wakianza kubembeleza. Siku hizi kuna spika za kurekodi zinazorudia bei kutwa nzima. Hizo sizipendi hata kidogo, zinafunika ile milio ya mikono ambayo kila mtu alijifunza kwa aliyemtangulia.

Mlio mmoja nimeuacha wa mwisho kwa sababu ndio wangu: vikombe vya kahawa. Muuza kahawa ameshika dele, birika la kahawa, juu ya jiko dogo la mkaa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una ndoo ya maji, na katikati ya vidole vikombe viwili vya kaure anavigonganisha, klik-klik, klik. Kikombe hakina mkono. Kimejaa mpaka ukingoni, cha moto, kwa hiyo unakishika kwa ncha za vidole viwili, kimoja juu ukingoni na kimoja chini kwenye kitako, na huwezi kufanya kitu kingine chochote kwa muda huo. Simu huwezi kuishika, mkoba unauweka chini. Kahawa ni chungu, haina sukari. Utamu uko kwenye kashata, unang'ata kidogo, unapiga funda, karanga na uchungu vinakutana mdomoni. Dakika tatu. Anaosha kikombe, anakwenda. Katika siku yenye saa nne za barabarani, hizo ni dakika tatu ambazo hakuna anayekusukuma, na gharama yake ni chenji tu iliyobaki mfukoni.

Nikuambie kweli vilevile: vijiwe vya kahawa na bao jioni ni vya wanaume zaidi, na binti akikaa pale peke yake anaweza asijisikie huru. Yule wa kutembeza hana shida, msimamishe popote, hata mbele ya ofisi. Vijiwe vyetu sisi viko kwingine. Viko uani wakati wa kusukana nywele, viko kwenye benchi la mama ntilie, viko kwenye mchezo wa upatu, na viko kwenye kibaraza saa ile umeme umekatika na kila mtu katoka nje kutafuta upepo. Chumba chako kina majirani. Jumapili jioni toa kigoda chako nje, chambua mchele hapo badala ya ndani. Hutakaa nusu saa bila mtu kukusemesha.

Posta, mwanangu, umepewa bahati ambayo wengi hawana, na nahisi saa ya chakula unaimalizia mezani ukiangalia simu. Kula haraka, utoke. Mitaa ya Uhindini, Jamhuri, Indira Gandhi, Zanaki, tumeizoea kwa macho ya chini: mashimo, meza za simu, magari yaliyopaki. Inua macho uanzie ghorofa ya kwanza. Utaona baraza za juu zenye urembo wa nakshi, kona za majengo zilizopindwa kama ubavu wa meli, na kileleni mwaka wa kujengwa na mara nyingine jina la aliyejenga, nyingi za miaka ya 1930 na 1940. Mengi ya majengo hayo yalichukuliwa na serikali mwaka 1971, ndiyo maana utasikia wazee wakisema "nyumba za Msajili". Walimaanisha Msajili wa Majumba aliyekabidhiwa. Kila wiki yanapungua, yanapanda maghorofa ya vioo. Yaangalie wakati yapo. Nilipokuwa kazini niliandika kutetea machache, na sikushinda mengi.

Pita kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Wazee wa mjini waliiita Bismini, jina lililobaki kutoka sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyokuwapo pale kabla yake. Karibu na hapo kuna meza za magazeti, na mbele yake watu kumi wamesimama mikono nyuma wanasoma vichwa vya habari. Mwenye magazeti hawafukuzi. Simama nao. Kabla hujamaliza ukurasa wa mbele kuna mtu atakuwa amesema neno kuhusu Simba na Yanga, mwingine atamjibu, na hutahitaji kujua mpira ili ucheke nao. Makumbusho na bustani ya mimea viko mwendo mfupi kutoka hapo. Nenda siku ya nafasi, si vya saa ya chakula.

Kwa siku ambayo kazi imekuudhi nina dawa moja, na nimeitumia zaidi ya miaka thelathini: pantoni. Ukitoka ofisini usikimbilie daladala. Shuka mpaka Kivukoni, kata tiketi ya mtu wa miguu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, uvuke Kigamboni, unywe dafu, urudi. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 kule Kurasini, mita 680, baadhi yetu tulidhani pantoni itapoteza watu. Haikupoteza, maana mtu wa miguu anayetoka mjini daraja liko mbali naye. Wakati wa kwenda simama upande wa bahari, upepo ukupige usoni. Mlango wa bandari pale ni mwembamba, na ikitokea meli kubwa inaingia, pantoni inaisubiri: unakaa kimya na watu mia kadhaa, baiskeli, bodaboda, kuku kwenye tenga, huku ukuta wa chuma mrefu kuliko ghorofa lenu ukipita mbele ya macho yenu bila haraka. Mabaharia juu wanapunga mikono. Watoto wanajibu. Wakati wa kurudi geukia mjini, utaona mnara wa kanisa la Azania Front na ule wa Mtakatifu Joseph, yote mawili kazi ya enzi za Wajerumani, na nyuma yake maghorofa mapya yakishika jua la mwisho. Simu iache mkobani, Ikulu na bandari viko hapohapo na picha hazitakiwi. Nadhani hata hiyo ni faida.

Ukiamka mapema siku ya mapumziko, soko la samaki la Feri liko jirani na kituo cha pantoni. Nenda kwa ajili ya mnada tu, hata usiponunua. Vaa viatu vya kulowa.

Na mara moja kwa mwezi nenda Coco Beach kuuona mwezi. Sisemi usiku wa muziki. Nasema mwezi wa juu, wenyewe. Angalia kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ikifika tarehe kumi na nne au kumi na tano, wahi ufukweni kabla jua halijazama. Fukwe ile inatazama mashariki, kwa hiyo jua linapozama nyuma yako, mwezi unachomoza mbele yako kutoka ndani ya bahari, mkubwa, mwekundu kama sinia ya shaba. Siku hizo ni za bamvua: asubuhi kwenye saa tano maji yamekupwa mpaka miamba iko uchi na watu wanatembea mbali, na jioni yamejaa mpaka karibu na mchanga wa juu, mawimbi unayasikia kifuani. Nunua muhogo wa kukaanga, uliopasuliwa katikati na kupakwa chachandu, chumvi na pilipili. Wapeleke wenzako wa Masaki, wako hatua chache tu kutoka hapo na huenda hawajawahi kuuona. Nenda na mwenzako, mkoba ushike mbele, na uondoke kabla daladala hazijaadimika.

Joto umelilalamikia na siwezi kukudanganya: kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, hata sisi tunalala mlango wazi. Lakini Juni ikiingia na kusi ikishika, Dar ina asubuhi ambazo hata mtu wa Tukuyu anavuta kanga mpaka kidevuni. Hizo asubuhi zina harufu yake, moshi wa kuni, chai ya tangawizi na mchanga uliolowa umande. Zisubiri. Kama tayari zimekupita bila kuzihisi, ni kwa sababu ulikuwa unakimbilia gari.

Kuna jambo moja ninalokuomba ulifanye hata kama mengine yote utayaacha. Chagua mtu mmoja katika njia yako ya asubuhi, mmoja tu, anayeuza kitu unachokila. Nunua kwake. Si leo huyu kesho yule kwa kuwa yule ana foleni fupi. Kwake, kila siku, saa ileile. Siku ya tatu msalimie kwa jina. Kama hulijui, muulize. Mwachie nafasi ya kukuuliza la kwako. Hii haitakugharimu zaidi ya unachokula sasa.

Mimi wangu alikuwa mama wa vitumbua, pale Ilala, nyumba tatu kutoka kwetu. Jiko la mkaa, kikaango cha mashimo saba, unga wa mchele umelala usiku kucha na hiliki yake. Alikuwa anageuza kitumbua kwa kijiti chembamba, anakizungusha kidogo tu pembeni, kinajitoa chenyewe, kinageuka, upande wa pili unalia kwenye mafuta. Mimi vinne, kwenye kipande cha gazeti. Miezi mitano tulikuwa tunaambiana "shikamoo", "marahaba", "vinne?", "vinne", basi. Nikafikiri hilo si lolote.

Nikapatwa na malaria. Siku ya kwanza na ya pili sikutoka kitandani, na wenye vyumba vingine walikuwa wamesafiri kwa Idi. Nilikuwa nimelala nikiangalia bati na kufikiri kwamba nikifa humu itajulikana kwa kodi ya mwezi. Asubuhi ya tatu mlango ukagongwa. Mtoto wa miaka saba au minane, kichwani kanga ya mama yake, mkononi bakuli limefunikwa na sahani.

"Mama anauliza dada wa vitumbua vinne yuko wapi siku mbili."

Nikamwambia naumwa. Akaweka bakuli chini, akaegemea mlango, hakuondoka. Nikamuuliza mbona huendi. Akasema ameambiwa asirudi mpaka aniangalie nimekula.